Mvua Aliyoiandika Rebha

Kwa miaka ishirini na miwili mvua haikunyesha mlimani Ain Gsab siku ya Alhamisi. Jumatano ilinyesha kama kawaida. Ijumaa ilishuka kwa pupa, karibu mara mbili ya siku nyingine. Lakini Alhamisi, wiki baada ya wiki, tangu vuli ya 1951 hadi vuli ya 1973, kitabu cha kituo cha kupimia mvua kilionyesha sifuri, isipokuwa mara tatu tu.

Dorsaf aligundua jambo hilo asubuhi moja ya Novemba, katika ofisi ya maji mjini El Kef, shali mabegani na jiko la umeme miguuni. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa miezi minane kazi yake ilikuwa moja tu: kuvichukua vitabu vya mvua vya vituo kumi na vinne vya nyanda za juu na kuviingiza kwenye kompyuta, siku kwa siku, milimita kwa milimita. Wakubwa walikuwa na swali. Ukame huu, ambao sasa ulikuwa umeingia mwaka wa nne, ni ule ule unaokwenda na kurudi tangu zamani, au ni mgeni?

Jibu moja lilikuwapo tayari, na wakulima wote walilijua. Miaka ishirini nyuma mtaalamu mmoja aliandika ripoti kwamba ukame mkubwa huja kila baada ya miaka kumi na minane, hukaa miaka mitatu, kisha hufuata miaka mingi ya neema. Ripoti yenyewe ilibaki kabatini, lakini maneno yake yalitoka yakaenda mikahawani, na huko yakakaa. Baba yake Dorsaf, mzee Mongi, mwenye shamba la lozi upande wa Tajerouine, aliyajua kwa moyo.

"Mitatu imekwisha," alimwambia bintiye kwenye simu juma lile lile. "Huu wa nne ndio wa kugeuka. Nimeagiza miche mia mbili ya lozi. Februari naipanda yote."

"Mia mbili, Baba? Kisima chako kina maji ya kumnywesha punda tu."

"Kisima kitajaa. Si ndiyo hesabu yenu wenyewe? Au mnataka kuibadilisha sasa, mimi nikishachimba mashimo?"

Dorsaf alicheka na kubadilisha mazungumzo, lakini mashimo yale mia mbili alibaki nayo kichwani.

Alipompelekea mkuu wake, Bwana Lazhar, au Si Lazhar kama wanavyoita huko, habari ya Alhamisi, alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya tai, kama alivyofanya kila alipotaka kusema jambo lisilopendeza.

"Labda mawingu ya huko yana siku ya mapumziko," alisema. "Dorsaf, huyo mtu alikuwa anaandika akiwa kitandani. Kitupe hicho kituo."

"Nikikitupa hatuna kitu, Si Lazhar. Vituo vingine vyote vilianza miaka ya hamsini na kuendelea. Ain Gsab kilianza 1938. Bila hicho, ukame wa arobaini na tano hatuuoni kabisa."

"Afadhali kutouona kuliko kuuona kwa macho ya mwongo."

"Mwongo angeandika hata Alhamisi," alisema Dorsaf. "Kudanganya kila siku isipokuwa Alhamisi kuna faida gani? Huyu kuna kitu alikuwa anafanya. Nipe gari siku moja nikaulize."

Si Lazhar alivaa miwani. "Ukaulize nani? Watakuwa wamekufa wote."

Hawakuwa wamekufa wote. Nyumba ya mlinzi wa msitu, ambako kipimamvua kilikuwa kimesimikwa, ilikuwa imebaki kuta na vichaka vya miba tu, na kipimo kipya kinachojiendesha chenyewe kilikuwa kimewekwa ndani ya uzio wa waya. Lakini hatua mia mbili chini yake, pembeni ya misonobari, palikuwa na nyumba ndogo iliyopakwa chokaa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya ngozi ya kondoo, bibi kizee mwembamba mwenye alama za chale za buluu kidevuni alikuwa anachambua ngano kwenye sinia.

"Wewe wa serikali?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wa ofisi ya maji, Khalti," alijibu Dorsaf, akimwita shangazi kwa heshima.

"Maji hakuna. Sasa mnafanya kazi gani?"

"Tunahesabu yale yaliyokuwapo," alisema Dorsaf, na kwa vile alikuwa amesimama mlangoni na upepo ulikuwa unaingia naye, aliongeza haraka: "Nimekuja kuuliza habari za Si Hedhili, aliyekuwa anapima mvua hapa."

"Hedhili amekufa. Umechelewa miaka thelathini na sita." Sasa alimtazama. "Mimi ni mkewe. Ingia, funga mlango, unanipulizia makapi."

Aliitwa Rebha, na alikuwa na miaka themanini na minane. Alimkalisha mgeni, akamwekea mkate wa shayiri na kibakuli cha mafuta ya zeituni, akaweka birika la chai kwenye makaa, yote bila kusema neno, kama mtu anayemaliza kwanza kazi muhimu. Kisha akasema, "Haya. Uliza."

Dorsaf hakujua aanzie wapi, akaanza na lile lililomleta. "Khalti, kwa nini hapa mvua ilikuwa hainyeshi Alhamisi?"

Rebha alimkodolea macho. "Nani kasema hainyeshi? Mimi niliolewa Alhamisi. Mvua ilitupiga mimi na nyumbu tangu kule darajani, nikafika kwa mume hina inanichuruzika mikononi. Mama mkwe akalia, akasema nimeleta mkosi."

"Mwaka gani?"

"Hamsini na moja. Mwezi wa kumi, baada ya kupanda. Hedhili ndio kwanza ameanza kupima mvua."

Dorsaf alifungua kompyuta yake, akatafuta. Alhamisi zote za Oktoba 1951 zilikuwa sifuri. "Kitabu kinasema siku hiyo haikunyesha."

"Basi kitabu hakikualikwa," alisema Rebha, akamimina chai.

Alipoonyeshwa orodha na kusomewa Alhamisi zile moja moja, uso wake ulianza kukunjuka. Aliweka gilasi chini, akajipiga paja. "Soko! Binti yangu, Alhamisi si ni siku ya soko! Hedhili alikuwa anatoka hapa kabla ya alfajiri na nyumbu wake, anarudi jua limezama. Kile chombo chenu kilikuwa kinatakiwa kusomwa saa moja asubuhi. Saa moja asubuhi yeye yuko njiani anagombana na nyumbu!"

"Kwa hiyo ya Alhamisi alikuwa anaisoma..."

"Ijumaa. Yote pamoja. Iko ndani ya kopo, itakwenda wapi? Mvua ilikuwa inamngoja bwana arudi sokoni." Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Na nyie mmekaa huko mjini mnaumiza vichwa."

Dorsaf alicheka naye, lakini vidole vyake vilikuwa tayari vinahesabu. Ijumaa zilizokuwa nzito mno zilikuwa zimepata maelezo. Hakuna hata tone lililopotea. Siku mbili zilikuwa zimeandikwa kama moja, basi. Kwa jumla ya mwezi, kwa jumla ya mwaka, kitabu kilikuwa kizima. Alimsomea bibi Alhamisi tatu za pekee ambazo, katika miaka ile ishirini na miwili, zilikuwa na mvua.

"Februari hamsini na sita? Hiyo ni theluji. Njia ilifungwa, hata mbweha hawakupita. Hiyo ya pili mguu wa nyumbu ulivimba. Hiyo ya tatu..." Alifikiri. "Hiyo sijui. Labda tulikuwa tumegombana, akakaa nyumbani kunikomoa."

"Na wewe hukuweza kusoma Alhamisi, yeye akiwa sokoni?"

"Mimi? Aliniambia, Rebha, hapo si jikoni, usikaribie. Nami nilikuwa sijui hata moja ikoje." Alinyanyua kidole chenye mafundo. "Mpaka mti ulipomwangukia."

Hiyo ilikuwa vuli ya 1973. Hedhili na wenzake wa msituni walikuwa wanakata misonobari iliyoliwa na wadudu, mmoja ukageuka ukamponda paja. Hedhili hakutembea tena bila magongo, na kwenye mteremko ule wa mawe hata magongo hayakumfaa. Akawa hana budi. Alimchorea mkewe tarakimu kumi ukutani kwa mkaa, akampa bilauri ya kupimia iliyojaa maji, akamwagiza asome. Akikosea, alimwaga akajaza upya. Juma la pili Rebha alikuwa hakosei.

"Alikuwa mkali kwa jambo moja, yeye huyo huyo wa Alhamisi," alisema. "Sifuri. Mimi nilikuwa naona jua limewaka tangu jana, nasema sifuri, niende nikatafute nini? Ananiambia, sifuri nayo ni kipimo. Usiiandike kwa kudhani. Nenda ukaangalie ndani ya kopo, ndipo uandike. Nilikwenda. Theluji, joto, mimba ya miezi tisa, nilikwenda. Miaka thelathini, mpaka walipoleta hiyo mashine yao isiyosema."

"Lakini kadi zote za mwezi zilizokuwa zinaletwa ofisini zina jina la Si Hedhili. Hata za baada ya kufa kwake."

"Kadi ilikuwa na nafasi ya jina moja, na ilikuja imeshaandikwa. Mimi nilikuwa najua kuandika namba. Majina sikufundishwa."

Dorsaf aliandika hilo kwenye daftari lake. Kisha, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokifuata, akamweleza bibi kwamba kituo chake kilikuwa kitupwe na sasa hakitatupwa. Kwamba ni kirefu kuliko vyote vya nyanda hizi. Kwamba watu watakaotaka kujua mwendo wa mvua, hata miaka hamsini ijayo, wataanzia Ain Gsab. Alitegemea Rebha afurahi. Rebha alichukua sinia la ngano akaliweka mapajani, lakini hakuchambua.

"Kwa hiyo mnakiamini," alisema.

"Tunakiamini."

"Basi kuna majira ya baridi ya mwaka mmoja, uyakate."

Makaa yalikuwa yanafifia. Rebha aliongea akiitazama ngano.

Ilikuwa mwaka wa themanini na saba kuingia themanini na nane. Mwaka wa pili bila mvua. Shayiri haikuota, watu walikuwa wanawauza kondoo kwa kuwabembeleza wanunuzi. Hedhili alikuwa kitandani kwa ugonjwa wa kifua. Daktari alikuwa ameshasema la kusema. Kila asubuhi Rebha alipanda mteremko, akaangalia ndani ya kopo, akarudi. Na kila asubuhi mumewe alimuuliza kutoka kitandani, kabla hata ya salamu: Ngapi?

"Sifuri. Kesho yake, ngapi? Sifuri. Siku sitini na kitu, mwanangu. Nikisema sifuri anageukia ukutani, na hiyo siku hali chakula tena. Naweka bakuli, naondoa bakuli. Siku moja nikaingia, akaniuliza ngapi, na mdomo wangu ukasema tatu. Sikupanga. Ukasema wenyewe. Akaniambia, tatu? Nikasema, imenyesha kabla ya alfajiri, ulikuwa umelala. Akasema, Alhamdulillahi. Akala bakuli zima."

Baada ya hapo hakuweza kurudi nyuma. Hakumpa mvua kila siku, asije akashtuka. Leo nne, kisha siku tatu hakuna, kisha mbili, kisha sita. Lakini Hedhili alikuwa Hedhili. Jioni alitaka kitabu. Alikishika mikononi, akapitisha kidole kwenye safu. Kwa hiyo ilibidi namba ziwemo kitabuni, na zilizokuwa kitabuni, mwisho wa mwezi, ziliingia kwenye kadi, na kadi ikaenda mjini.

"Ningeweza kuandika kadi tofauti," alisema. "Lakini angeniuliza kwa nini kadi na kitabu havifanani. Alikuwa anavilinganisha. Akafa mwezi wa tatu. Nami nikaogopa. Nikasema, serikali ikijua, watanitoa kwenye nyumba hii yao. Baadaye nikasema, nani atakumbuka. Na sasa wewe umekuja unaniambia watakisoma miaka hamsini." Alisukuma sinia pembeni. "Yakate. Sitaki watu wapande kwa mvua yangu ya uongo."

Dorsaf aliutafuta mwaka huo. Kwenye kompyuta, majira yale ya Ain Gsab alikuwa ameyaona wiki kadhaa zilizopita: manyunyu madogo madogo wakati vituo vyote jirani ni vikavu kabisa. Alikuwa ameyapita, akidhani ni ukungu wa mlimani. Hata hivyo kukata majira mazima kulimsumbua. "Je, zote zilikuwa za uongo, Khalti? Haikunyesha kweli hata siku moja?"

"Ilinyesha. Mara moja, mbili. Lakini zipi, sasa? Nimesahau. Zimechanganyika."

"Kitabu chenyewe kipo? Si kadi, kile cha nyumbani?"

Kilikuwa ndani ya sanduku la nguo za arusi, chini kabisa, kimefungwa kwa kitambaa. Majalada yake yalikuwa yamekakamaa kama ngozi. Dorsaf alikipeleka karibu na dirisha, akafungua Januari 1988. Namba za Rebha zilikuwa kubwa na zimesimama wima, kila moja imebanwa kwa nguvu kwenye karatasi. Tatu. Sifuri, sifuri. Nne. Sifuri, sifuri, sifuri. Mbili. Na chini ya ile tatu, chini ya nne, chini ya mbili, kulikuwa na nukta. Nukta ndogo ya penseli, hafifu, ambayo mtu asiyekiinamisha kitabu kwenye mwanga asingeiona.

"Nukta hizi uliziweka za nini?"

"Nukta gani?"

"Hizi, chini ya namba."

Rebha alikileta kitabu mpaka puani, akakisogeza, akakirudisha. "Sioni kitu. Mimi sikuweka nukta. Nilikuwa naandika kwa kalamu ya wino, penseli ilikuwa ya Hedhili, ilikaa chini ya mto wake."

Dorsaf alikichukua tena kitabu. Alikiweka kando ya kompyuta akaanza kulinganisha, tarehe kwa tarehe, na vituo vitano vya karibu. Kila penye nukta, vituo vyote vitano vilikuwa sifuri. Tarehe kumi na tisa Januari Rebha alikuwa ameandika mbili bila nukta: siku hiyo vituo vyote vitano vilipata mvua. Tarehe nane Februari, tano bila nukta: siku hiyo nayo mvua ilipita nyanda zote. Alipitia mpaka ukurasa wa mwisho wa uhai wa Hedhili. Nukta kumi na saba, na hakuna hata moja iliyokosea.

"Khalti," alisema taratibu, "Si Hedhili alikuwa anajua."

"Alikuwa anajua nini?"

"Siku ulizomdanganya. Amezitia alama zote. Siku za mvua ya kweli hakuzitia." Alikishika kidole cha bibi akakipitisha chini ya namba ya kwanza, kama vile nukta ingeweza kuguswa. "Alikuwa analala kitandani. Amejuaje?"

Rebha aliuvuta mkono wake. Kisha akainama akavitazama viatu vyake vya plastiki vilivyokuwa mlangoni.

"Viatu," alisema. "Huo mteremko ukinyesha ni tope mpaka kwenye vifundo. Mimi nilikuwa naingia na viatu vikavu, nasimama mbele ya kitanda chake nasema tatu." Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Dorsaf alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya hasira. "Mzee mjanja! Mzee mnafiki! Anakula bakuli zima, anasema Alhamdulillahi, ananiuliza imenyesha kwa nguvu au kwa upole, kumbe ananitazama miguuni! Mimi nimebeba dhambi miaka thelathini na sita, na yeye ameshaiandika kwa penseli!"

Dorsaf alimkumbatia mabega. Yalikuwa mepesi kama ya mtoto. Walikaa hivyo mpaka dereva wa ofisi alipopiga honi nje.

Kitabu hakuondoka nacho. Alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akakirudisha sandukuni kwa mikono yake.

Ofisini Si Lazhar alizitazama picha zile kwa muda, akapangusa miwani, kisha akaipangusa tena. "Hizo siku kumi na saba, andika hakuna kipimo," alisema mwishowe. "Usiandike sifuri. Yule mzee asingekubali sifuri ya kudhani." Na kwenye ukurasa wa maelezo ya kituo, ambao kwa miaka yote ulikuwa na jina la mwangalizi mmoja, Dorsaf aliandika kwamba tangu Novemba 1973 hadi 2004 vipimo vyote vilisomwa na Rebha, mke wa Hedhili. Si Lazhar alitia sahihi.

Zile siku kumi na saba hazikubadilisha kitu kikubwa. Zilikuwa milimita hamsini na kitu tu ndani ya miaka themanini na sita. Lakini sasa Dorsaf alikuwa na kitabu ambacho angeweza kukitegemea, na akakiuliza lile swali la wakubwa. Alikiuliza kwa njia zote alizozijua, kwa majuma matatu. Jibu lilikuwa lile lile. Kati ya ukame wa 1945 na uliofuata kulikuwa na miaka kumi na mitano. Kisha ishirini na saba. Kisha kumi na mmoja. Ukizijumlisha ukagawanya kwa tatu unapata kumi na minane kasoro kidogo, na hapo ndipo mtaalamu alipoipata miaka yake kumi na minane. Hakuna ukame hata mmoja uliokuwa umekuja baada ya miaka kumi na minane. Ilikuwa kama kukuta kwamba wastani wa namba za viatu vya watu wa nyumbani kwako ni thelathini na nane, kisha ukamnunulia kila mmoja thelathini na nane. Ukame wenyewe nao, mmoja ulikaa miaka mitatu, mwingine miwili, mwingine miwili, wa mwisho mitano. Na huu wa sasa haukufanana na wowote: katika miaka thelathini ya karibuni hata ile miaka ya neema ilikuwa imepungua.

Desemba alikwenda Tajerouine. Baba yake alimpokea kwa kuskusi ya maboga, akampeleka kuona mashimo. Yalikuwa yamechimbwa kwa mistari iliyonyooka kama ya askari, mia mbili, mpaka kileleni.

"Haya, nipe habari njema," alisema mzee Mongi. "Hesabu imekwisha?"

Alikuwa na miaka sabini na miwili. Mikono yake ilikuwa na malengelenge mapya, na alikuwa anatabasamu. Neno "labda" lilikuwa ulimini mwa Dorsaf, limeiva kabisa. Labda mwakani. Labda imechelewa kidogo tu. Lingemgharimu nini?

"Haina mzunguko, Baba," alisema. "Ile miaka kumi na minane haipo. Inaweza kunyesha mwakani, inaweza isinyeshe miaka mitatu mingine. Kitabu hakijui, na mimi sijui. Usiipande yote."

Tabasamu lilibaki usoni kwa mzee kwa kitambo, kama taa iliyosahauliwa, kisha likaondoka. "Miaka ishirini watu wanasema kumi na minane."

"Najua."

"Na wewe peke yako, na hiyo kompyuta, mmeona haipo."

"Si peke yangu. Kuna mtu alikuwa anapanda mlima kila asubuhi kuangalia."

"Angalau ungeniacha nipande kwanza," alisema, akageuka akashuka kuelekea nyumbani bila kumngoja. Chakula cha jioni alikula kimya. Kwa wiki tatu hakupiga simu, na Dorsaf alipopiga, mama yake ndiye aliyepokea, akasema baba yuko shambani, hata saa ambazo hakuna mtu anayekaa shambani.

Mwishoni mwa Februari Dorsaf alikwenda tena bila kuwaarifu. Alimkuta kwenye bonde la chini, pale maji ya mlima hupita yanapokuwapo, anapanga mawe kwa umbo la mwezi mwandamo kuzunguka mche. Miche ilikuwa arobaini. Mashimo ya kileleni yalikuwa matupu.

"Mingine iko wapi?"

"Nimempa Si Brahim wa ng'ambo ya barabara. Nilimweleza yote uliyosema. Akasema watoto wa ofisini wanajua kuhesabu vidole vyao tu." Aliinua jiwe, akaliweka, akalitikisa kuona kama limekaa. "Huenda yeye ndiye atakayekula lozi."

"Huenda."

"Usikubali upesi hivyo, nitajuta." Alinyoosha mgongo. "Yule bibi wa mlimani, mama yako kanisimulia. Mumewe alikuwa anajua siku zote?"

"Siku zote kumi na saba."

Mzee Mongi alitikisa kichwa. "Alikuwa na subira. Mimi ningemrushia bakuli." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini alikula."

"Alikula."

Mbingu zilikuwa safi, buluu, hazina hata doa. Baba alimwonyesha bintiye rundo la mawe lililobaki na jinsi ya kuchagua yale yenye tumbo bapa, na Dorsaf akavua koti la ofisini, akalitundika kwenye mti wa zamani, akainama upande wa pili wa mche. Walikuwa na miche thelathini na moja mbele yao, na walitaka kuimaliza kabla ya chakula cha mchana.